Aliyeganda Si Picha

Nyumbani, 9 Februari

Wifi yangu wa mjini,

Salamu nyingi, na kabla hujauliza, sisi hatujambo. Mdogo ameota meno na anayajaribia kwenye kila kitu, hata kwenye futi anayopimia wateja baba yake. Mkubwa amekuwa wa nne darasani na anatembea kama aliyekuwa wa kwanza. Mama yenu magoti yanamsumbua lakini mdomo hauna tatizo lolote: jana kaniambia nimenenepa, leo kaniambia nimekonda.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu huku ni pambo. Ukinipigia nasikia "wifi", halafu nasikia kama maji yanachemka, basi. Kondakta wa basi la asubuhi ni mteja wetu, atakuletea hii, na wewe ukijibu mpe yeye huyohuyo. Tena sitaki kaka yako asikie, na nyumba yetu unaijua, ukikohoa jikoni wa dukani anakupa pole.

Wifi, kaka yako anaumwa. Mkono wa kulia unatetemeka. Ulianza na kidole kimoja, nikadhani ni uchovu wa mkasi. Sasa kutunga uzi kwenye sindano ni vita. Na kuna kingine ambacho sikielewi: anaganda. Anatembea vizuri tu, akifika mlangoni miguu inagoma. Namwita, ananijibu, akili iko palepale, ila mguu haunyanyuki. Juzi aliganda kwenye mlango wa duka, mteja aliyekuwa nyuma akadhani anazuiwa kuingia, akaondoka amenuna. Fundi mwenyewe anasema ni baridi. Baridi gani, na jasho linamtoka?

Daktari wa kituo cha afya anataka aonwe na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, na bingwa huyo yuko hospitali hiyohiyo unayofulia wewe. Lakini hatuji huko. Siku hizi sisi wa mbali tunaonwa kwa video, kwenye kishikwambi cha kituo, ile simu kubwa kama sahani. Tumepangiwa mwezi ujao. Nesi anasema ni maendeleo. Sawa, nasubiri kuyaona.

Niambie tu huyo bingwa ni mtu wa namna gani. Na usimwambie kaka yako kuwa nimekuandikia, atasema namtangaza.

Wifi yako,
mke wa Fundi


Mjini, 27 Februari

Wifi yangu mchokozi,

Sisi wazima. Binti yangu ameanza kujipaka wanja na anadhani sioni. Kazini ile mashine kubwa ya kufulia imeharibika tena, kwa hiyo mashuka ya wodi nzima tunayapitisha kwenye ile ndogo, na mikono yangu imekuwa kama ya bibi. Mwambie mama mafuta ya magoti nitayatuma.

Barua yako niliisoma nimesimama kati ya mashuka, nikajikuta nimekaa juu ya mashuka, na hilo tunakatazwa. Kaka ndiye aliyenishonea sare yangu ya kwanza ya shule, kutoka kwenye koti la marehemu baba. Naumia, wifi. Sina namna nyingine ya kusema.

Bingwa namjua kwa makoti yake, maana mimi ndiye ninayeyapiga pasi. Mfuko wa kushoto una wino kila wiki. Hana majivuno, anatusalimia hata sisi wa dobi. Ila ana haraka. Chumbani kwake kuna skrini kubwa ukutani, na siku za video nikipita na toroli la mashuka naona. Juzi mgonjwa alikuwa amekaa kwenye kochi lake, paka mapajani, picha safi hadi masharubu ya paka unayaona. Bingwa akamwambia nyoosha mikono, tembea hadi dirishani, rudi. Wakataniana kidogo. Yule mtu anaishi mtaa wa pili kutoka hapa. Angeweza kuja kwa miguu, amevaa ndala.

Nawe siku yako ikifika, usianze na historia ya ukoo wetu. Nakujua. Sema kinachomtokea, kwa neno lilelile mnalolitumia nyumbani, neno moja lililonyooka. Anatetemeka. Anaganda. Mabingwa wanapenda hivyo.

Mbusu mdogo kwenye hayo meno.

Wifi yako,
dobi


Nyumbani, 18 Machi

Wifi,

Salamu zipo, ila leo ni za haraka kwa sababu nimechemka. Watoto wazima. Mama yenu anauliza mafuta. Sasa nisikilize.

Tulifika kituoni asubuhi, kaka yako kavaa ile suti ya kijivu aliyojishonea mwenyewe, utadhani anaenda kuposa. Chumba cha video ndicho kile kilichokuwa na mizani ya watoto. Foleni yote ya watu wa mbali ni ya kishikwambi kimoja. Nesi anakishika juu kwa mikono miwili, kando ya dirisha, maana mtandao unapatikana hapo tu. Mikono ikimchoka, bingwa anaona dari.

Zamu yetu ikafika. Bingwa akatokea, mstaarabu kama ulivyosema. "Baba, nyoosha mikono mbele." Fundi akanyoosha. Ule wa kulia unacheza kama unashona hewa. Nikamtazama bingwa kwenye kioo, mdomo wazi, hapepesi jicho. Nikadhani anatafakari. Picha ilipofunguka akasema, "Vizuri, nimeona, mikono imetulia." Imetulia wapi? Aliona picha moja iliyonata kwenye skrini yake.

Nikakumbuka ushauri wako. Nikasema, "Daktari, anaganda."

"Ndiyo mama, hata huku naona ameganda."

Nikafurahi, wifi. Nikasema, "Anaganda hasa mlangoni."

"Basi msikae mlangoni. Sogeeni dirishani."

Nikamsogeza. Mimi mwenyewe, na akili zangu timamu, nikamshika mume wangu mkono nikamsogeza dirishani. Nilipong'amua kwamba tunasema neno moja na kila mtu ana lake, sauti ilikuwa imekatika na nesi anamwita anayefuata.

Majibu yamekuja. Mikono imetulia. Hakuna dalili za ugonjwa. Picha iliganda mara kwa mara. Apumzike, hahitaji kuonwa tena. Nikamwambia nesi kwamba kilichoganda ni mtu, si picha. Akanijibu, "Mama, bingwa ameshaandika."

Na unajua lililoniuma kuliko yote? Fundi amekubali. Amekunja suti yake, kasema kama bingwa kaona hana kitu basi hana kitu, ni uvivu tu umemwingia. Mume wangu anajiita mvivu. Hilo halinipiti kooni. Sikubali, wifi, na nimemwambia nesi kuwa sikubali, na nitarudi kumwambia tena hadi achoke na uso wangu.

Wewe uko humohumo ndani. Fanya kitu.

Wifi yako,
mke wa Fundi


Mjini, 20 Mei

Wifi yangu,

Usinihesabie siku. Barua yako niliipata mapema. Sikujibu kwa sababu neno lile nilikupa mimi, na kila nilipoanza kuandika nilikuwa naandika pole, na pole haimponyi mtu. Sasa ninalo la kusema.

Kwanza, tuko wazima. Mafuta ya mama haya hapa, kondakta anayo, mwambie apake jioni na asiyanywe.

Nilimfuata karani wa Bingwa, yule anayepanga wagonjwa. Akaniambia faili limefungwa. Nikamwambia basi tumlete mgonjwa aonwe ana kwa ana. Akasema haiwezekani, utaratibu ni kwamba wa mbali wanaonwa kwa video. Nikamuuliza, na yule wa paka? Akasema yule ni wa hapa, akitaka video anapata, akitaka kuja anakuja, ni hiari yake. Nikamwambia, kwa hiyo wa karibu ana milango miwili, na wa mbali mmoja, nao ni mbovu. Akasema niende nikafue.

Nilienda nikafua. Kesho yake nikarudi. Na keshokutwa. Nikipeleka mashuka namuuliza, nikichukua mashuka namuuliza, hadi wenzake wakaanza kumcheka. Hatimaye akasema, kama mgonjwa analalamikia mtandao, anaweza kurudiwa video mara moja. Kwa namba ya simu yoyote. Nikampa yangu. Akauliza, mgonjwa atakuwa wapi? Nikasema atakuwa mahali penye mtandao mzuri. Hapo sikudanganya.

Ni tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi. Mlete kaka. Usimwambie nesi, usimwambie karani, usimwambie mama maana mama ndiye redio. Avae ile suti.

Wifi yako,
dobi


Nyumbani, 2 Juni

Wifi,

Watoto hawajambo. Mama kapaka mafuta na anadai yamemfikia mpaka kwenye moyo. Kaka yako atakuja na basi la tarehe 10, kondakta ameahidi kumshika mkono penye ngazi. Mimi siji. Utauliza kwa nini, na ninakujua, hutaniacha, kwa hiyo nakuambia.

Tangu ile video Fundi hajashona. Anayeshona ni mimi. Yeye anakaa mbele na futi, anapima wateja kwa mkono wa kushoto, wa kulia kauweka mfukoni, anataja vipimo kwa sauti kana kwamba anajisemea. Mimi niko nyuma ya pazia na cherehani. Tumepokea kazi ya sare za shule nzima na siwezi kufunga duka. Mwalimu mkuu alikuja kuchukua za kwanza, akasema mkono wa Fundi uko palepale, tena kola za mwaka huu zimenyooka kuliko za mwaka jana. Nilicheka nyuma ya pazia, halafu nikalia. Fundi alisikia yote mawili. Siku ile hakula.

Sikukuambia kwa sababu ni siri yake, na hata sasa sikuambii, umeota. Lakini watu wakinisifu, wifi, sifa zinanichoma. Mimi sitaki kuwa Fundi. Namtaka Fundi.

Akiganda usimvute, ataanguka. Mtandikie futi chini mbele ya miguu. Akiona mstari anauvuka. Hatujui kwa nini, tuligundua siku futi ilipoanguka sakafuni. Nimemwekea ya ziada mfukoni. Na usimwonee huruma usoni, anachukia. Mtanie kama zamani.

Wifi yako,
wa nyuma ya pazia


Mjini, 14 Juni

Wifi yangu,

Kaka yuko salama, amelala kwenye godoro langu na binti yangu anamfundisha michezo ya simu. Anakusalimu. Nataka nikuambie yote kabla yeye hajafika akakuambia nusu, maana atasema "tulionwa, tukaondoka".

Tuliingia kwa mlango wa dobi. Nikamketisha kwenye benchi lililo mbele kabisa ya chumba cha Bingwa, mlango umerudishiwa tu. Nilivaa sare ya kazi, na hakuna anayemuuliza dobi anasubiri nini. Kaka akasema, "Dada, hii ni fujo." Nikamwambia, "Ndiyo, kaa sawa."

Simu ikaita. Bingwa huyo kwenye kioo. "Baba, leo picha yenu ni safi sana. Mko wapi?"

Kaka akafungua mdomo, nikamkanyaga. Nikasema, "Hapa karibu, daktari."

"Haya. Nyoosha mikono."

Akanyoosha. Wifi, nikamwona Bingwa anasogeza uso, anasoma karatasi, anarudi kutazama. "Hii imeanza lini?" Nikamwambia, "Ilikuwepo siku uliyoandika kuwa mikono imetulia." Akasema anataka kumwona akitembea.

"Kaka," nikasema, "inuka uende kwenye mlango ule."

Nikamfuata na simu kwa nyuma. Najua Bingwa alichokuwa anakiona: mgongo wa suti ya kijivu, ukuta wa rangi ya maziwa, na mlango. Hakuutambua. Nadhani ni miaka mingi hajautazama mlango wake kutokea nje. Kaka akashika kitasa, akasukuma, akafika kizingitini. Akaganda.

"Ameganda," Bingwa akasema simuni. "Mtandao wenu umeanza tena."

Halafu akasikia kitasa. Mkono wa kaka ulikuwa bado umekishika, na kitasa kinalia tiki tiki tiki kwenye mlango. Akainua kichwa, akakuta mgonjwa wake yuko mlangoni, mguu mmoja mbele, hasogei.

Nikasema, "Mtandao hauna kosa, daktari. Aliyeganda ni kaka yangu."

Karani akaja mbio, anasema wa mbali ni video, wa mbali ni video. Nikamwambia hii ni video, simu hii hapa bado iko hewani, muulize mwenyewe. Bingwa akamwambia atupishe. Nikatandika futi kizingitini, kaka akaivuka kama anavuka mfereji, akaingia. Bingwa akatazama futi akasema hata wao wanafundisha hivyo. Nikamwambia, ungetuona tangu Machi ungetufundisha.

Alimpima kwa muda mrefu, vidole, viwiko, shingo, kuandika, kutembea. Ni ugonjwa wa Pakinsoni. Hauponi, wifi, nakuambia wazi kwa sababu aliniambia wazi. Lakini una dawa, na dawa inaweza kumrudishia mkono kwa saa nyingi za siku, na akasema kaka amechelewa lakini hajakosa. Akafungua faili, akakata yale aliyoandika mwanzo, akaandika upya. Akamwomba kaka radhi. Kaka kwa adabu zake akasema hakuna shida. Mimi nikasema shida ipo.

Tulipotoka nje kaka alikaa kwenye lile benchi. Akasema, "Kwa hiyo si uvivu." Alisema mara nyingi, njia nzima.

Kazini kwangu hakuna jipya, kila kitu ni kama kawaida.

Wifi yako,
dobi


Nyumbani, 30 Julai

Wifi yangu,

Watoto hawajambo, mdogo sasa anauma watu kwa makusudi. Mama anakuombea dua, halafu anaomba mafuta.

Nianze na wewe. Kondakta kaniambia alipokuletea salamu walimwambia hupo tena kwenye wodi za mabingwa, wamekuteremsha chini, kwenye mapipa ya mashuka ya damu, na barua ya onyo juu. Kaka yako naye alijua, akaficha, mmefanana. "Kila kitu ni kama kawaida." Haya, nimekasirika, na nimekasirika kwa mapenzi. Wakikufukuza njoo. Cherehani ya pili ipo, na binti yako atapata mahali pa kujipakia huo wanja.

Dawa inafanya kazi. Asubuhi mkono wake unatulia hadi namwonea wivu. Anashona mpaka jua la mchana, halafu anaanza kutetemeka, ananipisha, nakaa mimi. Pazia tumelitoa. Mwalimu mkuu alikuja akanikuta nimekaa kwenye cherehani, akabaki ametumbua macho. Fundi akamwambia, "Zile kola ulizozisifu ni za huyu." Alisema mwenyewe, bila kuulizwa. Anavuka kizingiti cha duka kwa futi tuliyoigongomea chini kwa misumari, na watoto wa mtaa wanairuka kwa kumwiga. Anawacheka.

Sasa sikiliza hili. Unamkumbuka fundi baiskeli wa pale njiapanda? Naye miguu inamsumbua, naye alionwa kwa video, naye aliandikiwa hakuna dalili. Nikaulizauliza kwenye foleni, hawako wachache. Hao hawana dada dobi. Niliposikia hivyo, furaha yangu nikaiona ya kichoyo. Nimemwandikia mkuu wa hospitali yenu kwamba wa mbali naye apewe mlango akiutaka. Hajajibu. Nitamwandikia tena, karatasi ninazo.

Na jana ilikuwa siku ya video. Fundi baiskeli kaomba kurudiwa, nikaenda naye. Kabla bingwa hajasalimu mtu nikaingiza uso kwenye kioo. Nikamwambia, "Daktari, mimi ni mke wa yule Fundi wa mlangoni pako." Alikaa sawa, wifi, nilimwona. Nikasema, "Leo tunaanza na utaratibu wetu. Picha ikisimama tutasema imekwama. Mtu akisimama tutasema ameganda. Na hiki ni kitambaa chekundu, nimekipinda mwenyewe. Nitasimama nyuma ya mgonjwa nikipunge mwanzo hadi mwisho. Ukiona kitambaa kimetulia, ujue humwoni mtu. Hapo usiandike."

Nesi akasema, mama toka. Sikutoka. Bingwa naye kimya. Nikadhani nimemuudhi, nikamtazama vizuri, hapepesi jicho. Imekwama. Tukangoja, nesi na kishikwambi chake juu, fundi baiskeli kwenye kiti, mimi napunga. Ilipofunguka akasema, "Samahani mama, kitambaa kilikuwa kimetulia. Baada ya 'humwoni mtu' sijasikia chochote. Rudia."

Nikarudia yote toka mwanzo, kwa sauti, na mlango uko wazi, ili na wale wa kwenye foleni wasikie.

Wifi yako,
bega linauma na bado napunga